Ubao wa Magurudumu kwa Mtoto Asiyetembea

Wenye watoto wachanga wakae upande wa kivuli, wengine musogee mbele kidogo ili tusikilizane. Leo hatutasema juu ya uji wa soya, wala juu ya maji ya chumvi na sukari. Leo tutasema juu ya ubao.

Nani kati yenu amepita mbele ya garaji akaona fundi amelala chini ya lori? Wengi, ninajua. Basi mumeona kwamba fundi mwenye akili halali juu ya udongo. Ana ubao wake wenye magurudumu madogo chini. Analala chali, anasukuma kwa miguu, anaingia chini ya gari. Akitaka funguo nyingine anasukuma tena, anatoka. Mgongo wake hauburuzwi juu ya mawe, shati lake halinywi mafuta, na nguvu zake zinabaki kwa ajili ya kazi. Ubao ule hakuununua dukani. Aliutengeneza mwenyewe kwa vitu vilivyotupwa nyuma ya garaji.

Fundi yule ana miguu mizima. Akichoka, anasimama, ananawa, anaenda nyumbani kula. Lakini katika mitaa yetu muko watoto ambao mchana kutwa wanajiburuza kwa tumbo ao kwa matako, na hakuna mtu aliyefikiri kuwapatia ubao. Juu ya nini kitu kilicho kizuri kwa mgongo wa fundi kisiwe kizuri kwa mtoto wako?

Nitawaambia kwanza ni watoto gani. Kiisha nitawaambia namna ya kuutengeneza, kwa sababu ni kazi ya siku mbili tu kwa baba mwenye msumeno na nyundo.

Wengine miguu yao ililegea kwa polio. Mtoto alipata homa, siku chache zikapita, mguu mmoja ao yote miwili ikakosa nguvu. Mguu huo unasikia maumivu, unasikia baridi, lakini hauna nguvu, na unabaki mwembamba. Wamama, polio ni virusi. Inatoka katika choo cha mtoto mwingine, inapita kwa maji na mikono michafu, inaingia kwa kinywa. Haikutumwa na bibi mzaa baba, wala haikutoka kwa jirani uliyekosana naye kwenye kisima. Ninasema hili kwa nguvu, kwa sababu nimeona mama akifukuzwa nyumbani na mtoto wake mgongoni, eti yeye ndiye aliyemroga. Virusi haijui ugomvi wa familia.

Wengine waliumizwa na sindano. Mshipa mkubwa wa fahamu unapita katika tako na kushuka mguuni. Sindano ya kinini ikidungwa pahali pabaya, mshipa ule unaumia, na wayo wa mtoto unaanguka mbele, hawezi kuuinua. Tena kuna jambo lingine: mtoto mwenye virusi vya polio mwilini akidungwa sindano wakati wa homa, mguu uliodungwa unaweza kupooza kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu ninawakataza kumpeleka mtoto mwenye homa kwa mtu wa sindano wa mtaani. Unafikiri dawa ya kinywa ni dhaifu, na sindano ndiyo dawa ya kweli. Sivyo. Mtoto anayeweza kumeza, ameze.

Wengine wana konzo. Ugonjwa huu daktari Trolli aliuandika tangu mwaka 1938, kule Kwango. Unatoka kwa muhogo mchungu ambao haukulowekwa siku za kutosha, hasa pahali watu wanakula bugali bila maharagwe wala samaki. Miguu yote miwili inakazana kwa ghafula, magoti yanagongana, vidole vinagusa chini. Muloweke muhogo siku tatu nzima, muuanike vizuri, na hata sambaza kidogo ao maharagwe kidogo yawe ndani ya sahani. Wengi wenye konzo wanaweza kutembea kwa fimbo. Wale wasioweza kabisa, ubao utawasaidia.

Na wako wale waliozaliwa na mgongo wazi. Hawa nitawataja tena mbele, kwa sababu ngozi ya miguu yao haisikii kitu.

Sasa muangalie mtoto anayejiburuza. Magoti yana vidonda, na vidonda vinaingia udongo. Funza wanaingia katika vidole. Mikono inayokanyaga chini ndiyo mikono inayokula, basi minyoo haiishi. Hayo yote munayaona. Lakini kuna jambo ambalo hamulioni kwa sababu linakuja polepole. Mtoto anayekaa siku nzima amekunja magoti na nyonga, mishipa yake ya nyuma ya goti na ya mbele ya nyonga inafupika. Inafupika sawasawa ngozi ya ngoma iliyokaushwa ikiwa imekunjwa. Baada ya mwaka mmoja ao miwili ukitaka kunyosha mguu, hauendi. Siku utakapompeleka kwa kiné apimwe chuma cha mguuni na magongo, kiné atakuambia: mama, mguu haunyooki, chuma hakiingii, inahitaji kupasuliwa kwanza. Mtoto ambaye angetembea na magongo sasa anangoja daktari wa kupasua, na daktari yuko mbali, na franka hazipo.

Ndiyo sababu ninapenda ubao. Mtoto hakai juu yake, analala juu ya tumbo. Fundi analala chali, mtoto analala kifudifudi. Tofauti hiyo ndiyo dawa yenyewe. Akilala kifudifudi, nyonga zinanyooka, magoti yananyooka, na uzito wa matako unavuta mishipa polepole bila mtu kumlazimisha. Anasukuma kwa mikono, basi mabega na mikono inapata nguvu, na hiyo ndiyo nguvu atakayohitaji siku ya kushika magongo. Anainua kichwa ili aone mbele, basi shingo na mgongo vinakazana. Na mtoto mwenye kidonda cha kukaa kwenye tako, kidonda kinapata hewa. Haya yote yanafanyika wakati yeye anafikiri anacheza.

Lakini si kila mtoto. Mtoto ambaye bado hawezi kuinua kichwa akilala kifudifudi, msubiri. Mtoto mwenye kifafa kisichotulia, ao anayekazana mwili wote na miguu kupishana kama mkasi akilazwa kwa tumbo, umlete kwanza tumwangalie pamoja na kiné. Na mtoto anayeweza kutembea kwa kushika ukuta ao fimbo, usimrudishe chini. Kwa huyo ubao ni wa kupumzikia na kucheza saa moja. Mguu wake ufanye kazi. Nimesikia mama akisema, "Huyu hatembeake, tangu zamani hatembeake," na mtoto mwenyewe amesimama ameshika sketi yake!

Basi tutengeneze.

Huna mita nyumbani? Chukua kamba. Mlaze mtoto kifudifudi juu ya mkeka, mikono mbele. Weka mwanzo wa kamba vidole viwili chini ya kwapa, ivute mpaka vidole vya miguu, ongeza upana wa kiganja chako, funga fundo. Huo ndio urefu wa ubao. Mtoto wa miaka 5 atakupa karibu sentimeta 85 ao 90. Kiisha pima upana wa nyonga zake, ongeza vidole viwili kila upande, funga fundo la pili. Kwa mtoto yuleyule utapata karibu sentimeta 30. Upana usizidi sana, maana ubao mpana unazuia mikono kufika chini. Tena ubao upunguzwe mbele, pale kifua kinapolala, uwe mwembamba kuliko nyuma, na pembe zake zizungushwe. Peleka kamba hiyo kwa fundi wa mbao. Hata kama fundi hajui kusoma, kamba anaielewa.

Mbao iwe kavu, unene wa sentimeta 2. Grevillea inafaa, ni nyepesi na haichomi vidole. Eukaliptusi ni ngumu na nzito, nayo inapasuka ukiipiga msumari. Afadhali uihifadhi kwa magurudumu, na utoboe kwanza kabla ya kupiga. Kama ubao mmoja mpana haupatikani, unganisha mbili kwa vipande vitatu vya kukingama chini, kimoja chini ya kifua, kimoja chini ya mapaja, kimoja chini ya miguu. Juu pasiwe na kichwa cha msumari hata kimoja. Piga msasa mpaka ukipitisha kitambaa kisikwame.

Magurudumu ndiyo neno gumu, na jibu linategemea ardhi ya kwenu. Kama munakaa katika nyumba ya sementi yenye uwanja wa sementi, tafuteni magurudumu manne madogo yanayojizungusha, yale ya kitanda cha zamani cha hospitali ao ya kiti cha ofisi kilichovunjika. Ao mwombe fundi wa garaji roulement nne zilizochakaa. Kwake ni takataka. Zinapiga kelele nyingi, lakini mtoto anapenda kelele. Juu ya udongo, magurudumu hayo hayafai kabisa. Yanazama. Na juu ya mawe ya volkano kama ya Goma, yanakwama kwenye kila jiwe, na mtoto anatupwa mbele.

Kwa ardhi yetu tufanye kama watu wa chukudu. Munaijua chukudu, ile inayoteremka kutoka milimani na magunia ya viazi na makala. Mtu anayetengeneza chukudu anakata gurudumu la mbao ngumu, analivika mpira uliokatwa kutoka gurudumu la gari, na kitu kile kinabeba mzigo ambao wanaume watatu hawaubebi. Pale Goma wameisimamishia hata sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya njia. Fundi wa chukudu akiweza hayo, gurudumu la mtoto wa kilo 17 litamshinda? Mwendee. Mwambie unataka magurudumu mawili yenye upana wa sentimeta 12 kutoka ukingo hadi ukingo, mpira ukiwa ndani ya kipimo, na moja dogo la sentimeta 8. Mpira upigwe misumari midogo pande mbili za gurudumu, si pale linapokanyaga, maana vichwa vya misumari vitaisha upesi na mpira utatoka.

Magurudumu mawili makubwa yanakaa nyuma, chini ya mapaja. Yakae chini ya ubao, si kando yake, ili vidole vya mtoto visiingie. Mhimili ni chuma cha beto cha milimeta 12, kipande kinachozidi upana wa ubao kidogo tu. Chuma hicho kinapita ndani ya vipande viwili vya mbao ngumu vilivyofungwa chini ya ubao kwa bulo. Kila kipande kiwe na urefu wa sentimeta 9, na tundu la mhimili liwe sentimeta 7 chini ya ubao. Hivi gurudumu la 12 linabaki na nafasi ya sentimeta moja juu yake, halitakwaruza. Katikati ya gurudumu na kipande weka kiduara cha mpira wa kandambili, na kwenye ncha za chuma toboa tundu dogo upitishe msumari na kuukunja. Ncha iliyokunjwa ielekee chini, isipasue nguo wala mkono.

Mbele ni gurudumu moja dogo linalogeuka. Fundi achonge uma wa mbao wenye kichwa cha sentimeta 4, gurudumu likae kati ya meno mawili ya uma, na kichwa kifungwe chini ya ubao kwa bulo moja kubwa inayopita katikati. Hapa muwe waangalifu, kwa sababu mafundi wengi wanakosa jambo hili: mhimili wa gurudumu dogo usiwe chini ya bulo sawasawa. Uwe nyuma yake vidole viwili. Ukiwa nyuma, gurudumu linafuata kama mtoto anavyomfuata mama yake sokoni. Ukiwa chini sawasawa, gurudumu linajigeuza ovyo na ubao unakataa kwenda. Kichwa cha bulo kizame ndani ya mbao, na juu yake upigilie kipande cha mpira, maana kifua cha mtoto kitalala pale.

Kwa sababu mbele muna gurudumu moja tu, ubao unaweza kuinama upande mtoto akijinyosha kushika kitu. Basi kwenye pembe mbili za mbele, chini, piga vipande viwili vya mbao vinavyoshuka mpaka vibaki vidole viwili juu ya udongo. Ubao ukiinama, kipande kinagusa chini, mtoto hapinduki.

Sasa juu. Chukua mousse ya godoro la zamani, unene wa sentimeta 4, uivike bashi ili mkojo usiingie, na juu ya bashi kitambaa cha pamba kinachofungwa kwa kamba, ukifue kila mara ya tatu ya kufua nguo zake. Ukipima kutoka chini mpaka juu ya mto huo utaona karibu sentimeta 19. Isizidi 20 kwa mtoto wa miaka 5. Lala wewe mwenyewe chini ufikiri: mikono yake inatakiwa kufika udongoni na viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Ikifika kwa ncha za vidole tu, hana nguvu ya kusukuma.

Chini ya vifundo vya miguu weka kitambaa kilichoviringwa, unene wa ngumi yako. Kinainua miguu, na vidole havigandamizwi juu ya mbao. Kwenye matako pitisha mkanda mpana wa kitambaa, upana wa kiganja, usiwe kamba, na ufungwe kwa namna ambayo mtoto mwenyewe ao ndugu yake anaweza kuufungua kwa mkono mmoja. Usimfunge kifuani wala mgongoni, apate kupumua.

Chini ya ubao unaweza kupaka mafuta meusi ya vidange, mchwa hawayapendi. Magurudumu pia uyapake mafuta hayo. Lakini juu, pahali ngozi inagusa, hapana. Na kwa kuwa tumeyataja: mafuta ya vidange si dawa ya vidonda, si dawa ya upele, si dawa ya funza. Yanaunguza ngozi na kuingiza sumu mwilini. Chupa yake ikae juu, mbali na watoto, kama chupa ya petroli.

Kabla mtoto hajapanda, panda na gunia la mchanga. Jaza mchanga wa kilo 30 hivi, karibu mara mbili ya uzito wake, usukume ubao uwanjani mara kumi, uuzungushe, uupitishe juu ya kizingiti. Kitu chochote kitakachovunjika, kivunjike chini ya mchanga.

Siku ya kwanza dakika 10 zinatosha, na si mara tu baada ya kula. Halafu mara tatu ao nne kwa siku, ukiongeza kidogo kidogo. Kama nyonga zake zimekwisha kufupika na tako linabaki juu, usilikandamize! Weka mto mnene chini ya tumbo na nyonga, umfuate alivyo. Baada ya majuma machache utaona unaweza kutoa kitambaa kimoja, kiisha kingine. Kazi hiyo haipendi haraka. Mtoto akilia kwa maumivu, mishipa inajikaza zaidi, na umepoteza siku.

Mikononi mvishe viatu. Ndiyo, viatu vya mikono: kata kandambili ya zamani, weka ukanda wa mpira juu, kiganja kinaingia. Wengine wanapenda kushika vipande viwili vifupi vya mbao vyenye mpira chini. Ile ao hii, lakini asisukume kwa kiganja kitupu juu ya udongo ambao kuku na mbuzi wamepita. Na kabla ya chakula, sabuni.

Kila jioni mwangalie ngozi: kifua, mifupa ya nyonga, magoti, juu ya nyayo. Kama kuna alama nyekundu isiyopotea baada ya nusu saa, apumzike na urekebishe mto. Kwa mtoto wa mgongo wazi angalia mara mbili kwa siku, kwa macho na kwa mkono, kwa sababu yeye hatakuambia. Msumari unaweza kumchoma paja naye anaendelea kucheka.

Halafu mbabula. Wamama, mtoto aliyekuwa anakaa pahali pamoja sasa anatembea, na kichwa chake kiko kwenye kimo cha sufuria. Mbabula ikae juu ya meza ya mawe ao nyuma ya uzio mdogo. Maji ya moto, vilevile. Kisima na shimo la choo vifunikwe. Kama uwanja wenu unateremka, piga mbao ya kuzuia kule chini, na wakaka wasipande ubao kwenda mbio mlimani. Watauvunja, ao watamvunja yeye. Barabarani asiende hata siku moja. Dereva wa lori hamwoni mtoto aliyelala chini kuliko taa zake. Hata kwa njia za ndani za mtaa, simamisha fimbo nyuma ya ubao yenye kitambaa chekundu juu, pikipiki zimuone.

Baba wa mtoto afanye nini? Afanye ubao. Ninyi mumebeba mimba, mumebeba mtoto mgongoni miaka mitano. Yeye abebe msumeno siku mbili. Na kama baba ao mtoto wako mkubwa anafanya kazi ya garaji, umwambie neno moja kutoka kwangu: ubao wa magurudumu hauzuii gari kuanguka. Gari lililoinuliwa kwa kriki peke yake haliingiwi chini, hata kwa dakika moja ya kufunga bulo moja. Liwekwe kwanza juu ya magogo manene pande mbili, na mawe nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Kriki inateleza bila kubisha hodi, na kifua cha mtu hakina nafasi ya kukimbilia.

Wengine watawacheka. Watasema, mama huyu anamfanya mtoto wake kuwa kitu cha kuburudisha mtaa. Wajibuni hivi: kwa miaka mingi watu wenye miguu ya polio wamepitisha mizigo kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi juu ya vigari vya magurudumu matatu wanavyoendesha kwa mikono, wakalisha familia zao na kulipa masomo ya watoto. Kule Kinshasa wanamuziki wa Staff Benda Bilili, wengi wao miguu yao ilipooza kwa polio, walipiga muziki wakiwa juu ya vigari vyao. Mwaka 2009 walitoa sahani yao Très très fort, na mwaka 2010 filamu juu yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa. Hao wote walianza siku moja kwa kutoka nje ya mlango. Mtoto aliyefichwa nyuma ya pazia hajifunzi majina ya jirani zake, hajui kugombana, hajui kuomba msamaha, hajui bei ya chumvi.

Lakini ubao si mwisho. Haumfikishi shuleni. Mtoto akikaribia miaka 6, nyonga zikiwa zimenyooka na mikono ina nguvu, mlete tumwandikie barua kwa kituo cha walemavu, apimwe chuma na magongo, ao kigari kama magongo hayawezekani. Wazazi wengi wa Kivu wanalijua jina la Heri Kwetu, kule Bukavu. Wakati mnangoja, msimamishe kila siku kidogo, mgongo wake ukutani, magoti yameshikwa na mikono yako.

Ninyi wenye watoto wanaokimbia, msifikiri mazungumzo haya hayawahusu. Virusi vya polio vya mwitu vilionekana mwisho katika Congo mwaka 2011, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi hivyo vya mwitu. Ni kazi kubwa, iliyofanywa na watu wenye kisanduku cha barafu begani. Lakini pahali ambapo watoto wengi hawakupata matone, virusi dhaifu vya ndani ya matone vinaweza kupita kutoka mtoto mpaka mtoto kwa muda mrefu mpaka vikabadilika na kupata ukali. Hivyo vimepoozesha watoto wa Congo katika miaka hii. Mama mmoja akaniuliza, "Kama ni vile, si tuache matone?" Hapana. Vinapata njia kwa watoto wasiochanjwa. Mukichanja wote, njia imefungwa. Matone wakati wa kuzaliwa, kiisha juma la 6, la 10 na la 14, na sindano ya polio inayotolewa hapa CPS. Hiyo sindano si ile ya mtu wa mtaani. Inatolewa kwa mtoto mzima, kwenye paja, na mtu aliyejifunza. Wakipita nyumba kwa nyumba na matone, mtoto apokee tena, hata kama kartasi yake imejaa.

Wenye mtoto asiyetembea, siku ya CPS inayokuja muje naye na kamba yenye mafundo mawili. Wanafunzi wangu wa shule ya wauguzi watamlaza, watapima nyonga na magoti, na kuandika kwenye kartasi yake kama zinanyooka ao hapana. Ubao wenyewe muulete juma la tatu baada ya kuanza, tuangalie mto na mkanda, na tupake magurudumu mafuta.